Daftari la Mvua ya Mawe

Jikoni kwa mama, Saskachewani, Februari,
theluji imefika kiuno cha dirisha.
Nimefungua daftari la baba, lile la jalada la kijani
lililofungwa kwa uzi wa magunia.
Safu ya kushoto: alicholipa. Ya kulia: alicholipwa.
Ya kushoto imejaa hadi pembeni.
Ya kulia ni nyeupe kama shamba lilivyo sasa,
isipokuwa mahali pawili.

Taras, mdogo wangu, hana subira ya kurasa.
Miaka arobaini na moja, anasema, kikokotoo mkononi,
dola elfu sitini na tatu, mia mbili na kumi na nane.
Zilizorudi: elfu ishirini na saba, mia mbili na arobaini.
"Toa, Daria. Toa mwenyewe uone."
Natoa. Elfu thelathini na tano, mia tisa sabini na nane.
"Hilo ni trekta," anasema. "Baba alilizamisha mtoni
kipande kwa kipande, kila Juni,
na kila Juni akamshukuru bwana Penner kwa kalamu ya bure."

Kalamu zenyewe zimo bado kikombeni. Zimekauka.

Akiba haiozi, lakini hii haikuwa akiba;
huwezi kuidai ukizeeka.
Ulinunua mwaka, mwaka ukaisha, ukanunua mwingine.

Mara ya kwanza nilikuwa na miaka tisa.
Ngano imeanza kuinama kwa uzito wa masuke,
mama kaanika shuka,
magharibi kukageuka kijani cha chupa.
Dakika kumi na moja. Baba alizihesabu, saa mkononi,
maana hakukuwa na kingine cha kufanya.
Mawe kama mayai ya kware. Kuku wawili wakafa.
Kisha kimya, na harufu ya majani yaliyopondwa,
tamu, ya kutia kichefuchefu,
na ng'ambo ya barabara ngano ya Wasyl Kostiuk
imesimama wima, inang'aa, kama iliyotoka kuoshwa.

Wasyl hakuwahi kukata bima. Hakuwahi kupigwa.
Alijisifu hadi kitanda cha hospitali.
Sijui nimweke safu ipi.

Penner alikuja na kamba, akapima mraba,
akapiga magoti akahesabu mabua yaliyovunjika.
Elfu nne na mia tisa.
Tukanunua mbegu, na viatu vyangu vya shule.
Ng'ombe hatukuuza.

Lakini ukurasa ninaourudia ni wa mwaka themanini na tano.
Kushoto: sifuri. Ukame ulikuwa umemnyonya.
Kulia: sifuri. Haikudondoka punje ya barafu.
Kwa hesabu ya Taras, huo ndio mwaka wetu bora.
Nami naikumbuka Julai ile: baba barazani,
buti miguuni usiku kucha, uso magharibi,
anasikiliza.
Sahani ikianguka, anaruka.
Alimpiga Taras mara moja tu maishani. Ilikuwa Julai ile.

Taras hasemi kitu. Anabonyeza, anafuta, anabonyeza.

Ukurasa unaofuata, pembeni, kwa mwandiko wa mama:
Kalipa. Kalala.

Sisemi kwamba hilo linasawazisha mizani.
Usingizi wa elfu thelathini na tano ni ghali,
na bwana Penner alikuwa na mashua ziwani.
Mahali fulani pesa za baba zilimnunulia mbegu
mtu ambaye hatutamjua kamwe,
na mahali fulani zilinunua injini ya mashua ile.

Jana imekuja barua, jina la baba kwenye bahasha:
Mteja wetu mpendwa, tarehe ya mwisho ni kumi na tano Juni.
Shamba tumelikodisha. Hatuna suke la kupigwa.
Taras anaitia barua motoni.
Natoa tena, kwa penseli safari hii. Jibu ni lile lile.
Nalifunga daftari, nalifunga na uzi wake,
kisha najikuta nimesimama dirishani,
Februari, mbingu tupu,
natazama magharibi.