Kitanda cha Dirishani

Tuliandika barua
mia tatu, tukijua
wahisani watatua
shida ya wodi ya Lamu.

"Kwa mhisani," ikawa,
kila mtu sawasawa;
majibu yakachelewa,
wala fungu halitimu.

Mkunga, Bi Mwanakheri,
akalitoa daftari
kuukuu, lenye siri
za vizazi na za damu.

"Hawa," kasema, "ni wetu;
walilia mbele yetu,
mikononi humu mwetu;
waandikiwe kwa zamu."

"Athumani wa Langoni:
kitanda cha dirishani,
ulizaliwa jioni,
taa zimezima humu.

Kimekatika mguu,
twashikiza kwa kifuu;
bei yake si ya juu,
tujibu, japo kwa simu."

Alikuja siku ile,
akauliza, "Ni kile?"
Kwa kidole, polepole,
akakigusa kwa hamu.