Salio Halitoshi

Tuko kumi na mmoja, juu ya duka la vipuri, Mwanga,
na feni moja inayotikisa kichwa kama anayekataa mkopo.
Benki yetu haina kaunta, haina mlinzi,
haina hata kalamu iliyofungwa kwa kamba.
Mwezi huu inavuka mpaka kwenda Burundi
na mimi, Edesia binti Bitaliho,
nimeajiriwa kwa lugha ya bibi yangu.

Shuleni Kasulu nilichapwa kwa Kiha hikihiki.
Leo kina mkataba, bima,
na siku ishirini na nane za likizo.

Kazi yenyewe ni maneno mafupi.
Sisi husema mwakeye, ng'ambo bwakeye:
herufi moja, ndiyo mshahara wangu.
Siku ya tatu nimekwama kwenye "salio halitoshi".
Mhandisi wa Dar anataka herufi thelathini, basi.
Namwambia, huku mtu haambiwi hana kitu
kabla hajaulizwa watoto wameamkaje.
Anacheka. Kisha ananiongezea kumi.

Nyumbani Katubuka mama anapanga madumu ya mawese.
Nimemwekea programu kwenye simu,
nimemwonesha: bonyeza hapa,
andika jina kamili la mpokeaji.
Anatazama kioo kama anayetazama sindano.
"Jina kamili la nani?
Mimi namjua Mama Gahungu wa Rumonge,
mwenye kovu kidoleni, asiyekula migebuka.
Miaka kumi na tisa tunadaiana, hatujaandikiana."

Kwenye fomu yetu hakuna sehemu ya kovu.

Ijumaa tukajaribu kwa mara ya kwanza.
Elfu tano za mama ziliondoka zikiwa shilingi,
zikatua zikiwa faranga,
sekunde nne, nimehesabu.
Ofisini wakapiga makofi;
mtu akamwaga soda kwenye kibodi.
Nikampigia mama.
"Imefika?"
Imefika.
"Amesemaje?"

Jumatatu nimefungua tiketi mpya, namba mia mbili na sita:
baada ya muamala, waachiwe watu nafasi ya kusalimiana.
Kipaumbele, wameandika chini yake kwa rangi ya kijivu,
ni cha mwisho.
Bado sijaifunga.