Si Ngapi, Bali Wapi

Zamani tulikuwa tunasaga.
Ini la panya, figo ya panya, kipande cha kondo la nyuma,
vyote kinuni mpaka vikawa uji,
na uji ukatupa tarakimu moja: wastani.
Wastani ni mwongo mwenye adabu.
Muulize kama Lubumbashi ina maji, atajibu: yapo.
Nenda Katuba na ndoo yako uone.

Sasa tunakata.
Nyuzi ishirini chini ya sifuri, wembe,
utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu.
Nabana pumzi nisiupeperushe,
naulaza juu ya kioo kama mtoto aliyekataa kulala.
Umeme ukikatika nakimbia na barafu mikononi,
nikitukana kimoyomoyo.

Mashine iko mbali; sisi tunatuma kwa ndege,
na watu wa forodha huuliza: nyama hii ya nini?
Huko mwale unagonga nukta, unasogea, unagonga nukta,
kila nukta inatoa mvuke wake, mvuke unapimwa uzito,
chembe kwa chembe,
kama mnunuzi wa madini asiyemwamini muuzaji.

Picha ilirudi Alhamisi, mvua ikinyesha.
Kobalti imejipanga ukingoni, upande wa mama,
kama vumbi la Ruashi kwenye kizingiti.
Halafu mahali pawili,
hapana, patatu,
imevuka.

Mama Masengo huuza unga wa bukari.
Mumewe huchimba; magunia hulala chumbani, chini ya kitanda.
Kondo lake alitupa mwenyewe, kwa alama ya kidole gumba:
"Chukueni, kwetu hufukiwa tu."
Nikampa simu. Akaikuza picha kwa vidole viwili
kama anayetafuta nyumba yake kwenye ramani.
"Hii nyekundu ndiyo sumu?"
Nikasema rangi tunachagua sisi,
humo ndani yenyewe haina rangi.
Akanyamaza. Kyungu alikuwa mgongoni, amelala,
mate yakilowesha kitenge.
"Sasa mbona mmeipa rangi ya kupendeza?"

Swali hilo liko pembeni mwa daftari langu,
chini ya joto la friji na namba ya sampuli. Jibu sina.

Juma lililofuata nilipita kwake.
Magunia yametoka chini ya kitanda,
yameegemea ukuta wa choo, nje.
Hatua kumi na moja.
Nilizihesabu.