Kofia Nyekundu

Jikoni kwetu Szentes, saa moja usiku,
nimejining'iniza kijiko shingoni, ndiyo filimbi,
na mimi ndiye kocha.
Boróka, miaka kumi na mmoja, kasimama mbele ya jokofu,
mikono yake mirefu haijui pa kukaa.

"Sema," namwambia.
"Kila mechi unaniweka golini."
"Usianze na *kila mechi*, atajitetea. Anza na nafsi yako."
"Mimi... mimi sitaki golini."
"Kwa nini?"
Anatazama sakafu. Supu inafura, inamwagika.

Nakunja uso kama Kocha Gellért,
nafoka: "Mikono hii niipeleke wapi kama si golini?"
Nafoka vizuri. Nafoka kupita kiasi.
"Baba," anasema, "Kocha hafoki hivyo.
Hivyo unafoka wewe."

Nikazima jiko.
Nikavua kijiko.

Usiku nikamwandikia kocha barua,
kurasa mbili, heshima juu, sumu chini,
nikaitia mfukoni mwa koti.
Maji usiyoyafika hujui kina chake,
nami sijawahi kulinda goli
huku miguu yangu ikitafuta chini isipate.

Jumanne. Barafu imeshika kioo cha gari.
Nimeambiwa nibaki humu, nimebaki,
mkono mmoja kwenye kitasa.
Madirisha ya bwawa yamejaa mvuke,
ndani kila kitu ni manjano.
Pengine yule ni yeye. Pengine ni ndoo.
Dakika tisa. Jikoni tulimaliza kwa mbili.

Anatoka, ncha za nywele zimeganda,
zinagongana kama shanga.
"Umemwambia kuhusu goli?"
"Nimemwambia kuhusu sikio."
"Sikio gani?"
"Lililopigwa na mpira mwezi wa kumi.
Tangu hapo, mtu akiinua mkono, nafumba macho.
Ndiyo maana tunafungwa."

Mwezi wa kumi. Nilikuwepo jukwaani.
Aliuzuia mpira ule. Nilipiga makofi.

"Akasemaje?"
"Akanyamaza. Kisha akanionyesha pua yake ilivyopinda,
mimi nilidhani kazaliwa nayo.
Wiki ijayo nitatupiwa mipira laini,
na nusu saa nitacheza mbele.
Goli bado langu. Labda."

Anatoa kofia nyekundu, namba moja,
anaikamua palepale, juu ya zulia la gari.
Nafungua mdomo nimkaripie.
Barua inanikwaruza kifuani.
Nageuza ufunguo.

"Sikio," nauliza, "bado linauma?"
"La kushoto, Baba. Unatazama la kulia."