Punje Kumi na Mbili

Nilipanda ngazi mia mbili na kumi na nne
nimekumbatia karatasi zenye picha za rangi:
samaki mwekundu wa maji baridi, lozi ndani ya bakuli,
na tunda dogo la buluu ambalo hata mimi
sijawahi kulinunua.
Hapa Collique, juu ya Lima, ukungu huketi mlangoni
kama mdai.

Nélida Huamaní alizipokea kwa mikono miwili.
Akazitazama. Kisha, kwa adabu iliyonichoma:
"Dada muuguzi, hawa ni wa kula au wa kutundika?"

Bintiye, Yudit, ana miezi kumi na sita.
Ukimfunua kope la chini, ndani ni kweupe
kama daftari jipya.
Kipimo cha damu: tisa nukta moja.
Niliisoma ile tisa kama karani asomaye hukumu,
nikaongeza neno langu la kila nyumba:
"Mlishe vizuri."

Neno jepesi. Likiwa mdomoni halina bei.

"Hivyo vizuri vinauzwa wapi?" akasema.
"Soli za mfukoni mwangu zimelika
kama soli za viatu vya Wilber,
ashukaye alfajiri kubeba saruji ya watu."

Nikaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa.
Siku hiyo sikufundisha, niliuliza:
jana mlikula nini, na kwa kiasi gani?
Akateka maharage kiganjani,
punje moja kwa kila nusu soli, akaanza kupanga.

Tambi za pakiti: tatu.
Soda ya manjano, maana mtoto alilia: sita.
Biskuti, maana wifi alikuja: mbili.
Kidonge cha mchuzi: moja.

Punje kumi na mbili juu ya meza ya plastiki.
Alizitazama kama mtu aliyeibiwa
na mwizi anamjua.

"Na damu ya kuku, pale kwa Eusebia?"
Akacheka. "Ile? Eusebia huwamwagia mbwa.
Mpe punje moja, anakujazia mfuko."
Kicheko kikamfia njiani.
"Mama aliikaanga kwa kitunguu na mnanaa,
kule Ayacucho, kabla hatujahama.
Nikadhani ni aibu yetu.
Nikadhani mjini hakiliwi."

Damu, moja. Dagaa wabichi, mbili.
Dengu nusu kilo, nne.
Saba; na tano zikabaki mkononi,
akazitikisa, zikalia.
Halafu akazirudisha zile nne za dengu kwangu, polepole,
kama arudishaye posa.
"Dengu si bei, dada. Dengu ni gesi."

Hilo halikuwamo katika karatasi zangu.
Miaka mitatu nimesoma, najua chuma
kilichomo katika kila kijiko;
sikujua mtungi wake hufa siku ya ishirini.

Aliyejibu si mimi. Ni Gregoria, jirani,
kutoka upande wa pili wa ukuta wa mbao usiotunza siri:
"Chemsha robo saa tu! Livike sufuria blanketi,
lifungie sandukuni kama mtoto mwenye homa.
Jioni zimeiva. Na ukipika,
pika la nyumba tatu, mtungi tuuchangie."

Nimerudi mara nne tangu siku ile.
Kijiko cha kwanza Yudit alikitema kwenye sare yangu.
Cha pili alikifikiria.
Cha tatu akashika mkono wa mama yake
usiondoke.

Kipimo kingine ni mwezi wa nane,
kwa hiyo sina tarakimu ya kujivunia.
Wakubwa wangu wanauliza kama karatasi zimetumika.
Naandika: ndiyo, zimetumika.
Yule samaki mwekundu yuko ukutani kwa Nélida,
anaziba ufa unaoingiza ukungu.

Jumapili bado wananunua soda ya manjano,
chupa moja kwa nyumba tatu.
Hunimiminia nusu kikombe,
nami nainywa.