Kijiwe

Kazi yangu ni kuonja kahawa. Nafyonza
kijiko kwa kishindo, nazungusha, natema.
Miaka kumi na tisa kwenye meza ile ya duara,
Moshi mjini, gunia la Uru, gunia la Kibosho,
na mate yangu hayajawahi kunidai mshahara.

Hadi Agosti ile, mnada umeanza.
Harufu tu ya mtori, hata sijashika kijiko,
chini ya taya likainuka yai.
Nikimaliza kula linashuka, polepole,
kama mgeni aliyekaa akanyimwa.

Jirani akasema matumbwitumbwi. Kwa umri huu?
Fundi wa meno aling'oa gego lisilo na hatia.
Bado, nikiona ndimu imekatwa, machozi.
Mezani Kileo akaniuliza, sampuli ya nne ina nini?
Chumvi, nikamjibu.
Haikuwa chumvi ya kahawa. Ulikuwa usaha wangu.

Daktari Anansia akavaa glavu,
kidole kimoja chini ya ulimi, kimoja nje chini ya kidevu,
akapapasa kama mtu anayetafuta
sarafu iliyotumbukia kwenye bitana ya koti.
Ultrasaundi ikamkubalia:
doa jeupe, kivuli cheusi nyuma yake,
milimita saba, karibu na mdomo wa mfereji.

"Una kijiwe."
Nikamwambia vijiwe ninavyo viwili,
cha stendi na cha Kiboriloni, kashata na bao.
Hakucheka. "Maji unakunywa?"

Nikanyamaza. Anayetema kutwa
hukumbuka maji saa ngapi?

Wiki mbili: vidonge vya usaha, maji chupa kwa chupa,
kitambaa cha moto, kukanda kutoka nyuma kuja mbele,
ukwaju mdomoni ili mate yakisukume.
Kikagoma.

Basi ganzi, na taa, na yeye akainama,
maana cha mvunguni hakina njia nyingine,
na huu ulikuwa mvungu wa ulimi.
Mkato mdogo. Halafu *tik*
kwenye kisahani cha chuma.
Cha manjano, kina mikwaruzo,
chenga ambayo ningeitupa bila kuionja.

Miaka mingapi nilikijenga, chokaa juu ya chokaa,
nikidhani nimefunga mdomo tu?

Siku ya tano Aikande akakata ndimu makusudi,
akanitazama.
Mate yakaja. Mepesi, bila kubisha hodi.
Nikayameza.