Nani Mkubwa?

Walizaliwa kwa pumzi moja, mtu na binamuye,
Losivale huku Apia, Pesamino kule Pago Pago,
maji katikati,
na katikati ya maji hayo mstari
ambao samaki hawajawahi kuuona.
Cheti cha msichana kinasema tarehe kumi na mbili.
Cha mvulana, kumi na moja.
Leo wote wametimiza miaka kumi,
na tangu alfajiri wanagombana kwenye simu.

"Mimi ndiye kaka. Soma cheti."
"Kaka gani, bado uko Alhamisi?
Mwenzako nimeamka Ijumaa,
nimepiga mswaki Ijumaa.
Fika kwanza,
ndipo tuulizane nani amwamkie nani."

Jua halina habari na ugomvi huo.
Liligusa kwanza bati la akina Pesamino, Alhamisi,
dakika nne baadaye likavuka
likamkuta Losivale, Ijumaa, chini ya kitanda
akitafuta ndara ya kushoto.
Siku nzima kwa dakika nne!
Hata fundi saa angejikuna kichwa.

Wakati huohuo Manaus ni saa saba mchana.
Iraci amerudi shule mbio, jasho tele,
anavua raba mlangoni bila kufungua kamba.
Edivaldo, wa zamu ya mchana, anaingiza mguu
zikiwa bado na joto la dada,
gazeti limesokotwa kwenye ncha
maana mguu wake haujafika huko.
"Kuna mawe mangapi leo?"
"Moja. Nimekuachia."

Na Dharan ni saa tano kasorobo usiku.
Nepali ina robo saa yake pembeni,
kama mtu aliyesogeza kiti kidogo
asibanane na majirani.
Prabina amejifunika blanketi gubigubi,
simu ya mama imo ndani, mwanga umezibwa.
Kwa baba, Doha, ndiyo kwanza saa mbili,
amevua kofia ya ujenzi, nywele zimelala.
"Mbona hujalala?"
"Nimelala, baba. Naota unapiga."

Kaskazini kabisa, Hammerfest, jioni ya saa kumi na mbili,
Ingvild, miaka minne, anauliza
giza hili ni la jana au la kesho.
Sisi tunaoianza saa ya kwanza jua likishatoka
tungemjibu nini?
Huko lilizama Novemba, wakaagana.
Tungesimama na vidole vyetu hewani
tukisubiri pa kuanzia kuhesabu.
Bibi yake hahangaiki.
Anahesabu supu ya samaki,
anahesabu katuni moja, si mbili,
anahesabu mswaki.
"Na baada ya mswaki?"
"Baada ya mswaki ni kesho."
Ingvild anasugua meno kwa pupa,
povu hadi kwenye nyusi.

Kule kwenye simu hawajamaliza.
Pesamino amevaa shati la safari,
mama yake anamvuta sikio, ndege haingoji.
Ataondoka Alhamisi saa mbili,
atashuka Ijumaa kabla hajamaliza pipi.
Keki ni moja, mishumaa kumi,
na Losivale ameshaamua nani atapuliza.

"Puliza," anasema Pesamino. "Puliza yote.
Lakini Jumapili nikirudi kwetu
nitaikuta Jumamosi inaningoja, mbichi,
haijaguswa na mtu.
Nitaicheza mara ya pili.
Wewe ya kwako utakuwa umeshaila."

Ijumaa yote ikanyamaza.
Kisha, kwa sauti ndogo, kutoka Apia:
"Kaka,
begi lako lina nafasi?"